Kusoma Dar es Salaam au Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha ya chuo

Kwa nini ulinganisho huu unahusu Dar es Salaam na Nairobi?

Kwa sababu wazazi na wahitimu wa sekondari wa Arusha, Moshi, Tanga, Taveta na Mombasa huuliza zaidi kuhusu miji hiyo miwili, na kwa sababu vyuo vikuu vyake vikongwe vimetoka tumbo moja. Kati ya 1963 na 1970 Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kijana wa Tanganyika aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na Mkenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake, na tangu hapo maisha ya mwanafunzi yameachana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tunazungumzia vyuo vya umma: upande mmoja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na upande wa pili Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja. Ubora wa mihadhara hatuulinganishi, kwa kuwa hutofautiana zaidi kati ya idara na idara kuliko kati ya nchi na nchi. Kinachomgusa mwanafunzi kila siku ni fedha, chumba, ratiba na lugha, na hapo ndipo miji hii inapotofautiana kweli.

Kwa nini shahada ileile huchukua miaka mitatu Dar es Salaam na minne Nairobi?

Jibu liko sekondari. Tanzania ilibaki na kidato cha tano na cha sita, wakati Kenya iliviondoa ilipohamia mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 1989. Mkenya kwa hiyo huingia chuoni akitokea kidato cha nne, na mwaka wake wa kwanza hubeba sehemu ya kazi ambayo mwenzake wa Tanzania ameshaifanya akiwa kidato cha tano na cha sita. Ndiyo maana shahada nyingi za sanaa, biashara na sayansi ni miaka mitatu Tanzania na minne Kenya, uhandisi ni minne kwa mitano, na udaktari wa binadamu ni mitano kwa sita.

Anayedhani kwamba atamaliza mapema kwa kuchagua Tanzania ahesabu tangu kidato cha nne. Mtanzania hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, wengi wao huitwa katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kisha huanza chuo Oktoba au Novemba. Mkenya hufanya KCSE mwishoni mwa mwaka, hupata matokeo Januari, na hukaa nyumbani hadi Agosti au Septemba akisubiri kuitwa. Miezi hiyo ya kusubiri ni mirefu, na wazazi wa Kenya wanaijua vizuri: kijana hufundishwa kompyuta, hufundishwa kuendesha gari, au hukaa tu.

Hali hii yenyewe inabadilika. Mtaala mpya wa umilisi wa Kenya umeanza sekondari ya juu mwaka 2026, na umepangwa ili chuo kikuu kiwe cha miaka mitatu. Mwenye mtoto mdogo asipange maisha yake kwa kutumia hesabu tuliyoitoa hapa juu.

Je, cheti cha nchi moja hukubaliwa katika nchi nyingine?

Hukubaliwa, lakini hakikubaliwi kwa kutazamwa tu. Cheti cha kigeni cha sekondari hupelekwa Baraza la Mitihani kwa ajili ya kulinganishwa: NECTA kwa Tanzania, KNEC kwa Kenya. Mtanzania mwenye kidato cha sita hapati shida kubwa Nairobi, kwa kuwa amesoma miaka miwili zaidi ya kile ambacho Kenya inakidai. Shida huwa upande wa pili. Mkenya mwenye KCSE pekee, hata akiwa na alama A, huonekana Tanzania kama mtu wa kidato cha nne, wakati sifa ya kawaida ya kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4. Kwa wengi njia iliyo wazi zaidi ni kupitia stashahada, au kuwa tayari ameshaanza chuo kwao. Aulize ofisi ya udahili ya chuo anachokitaka na apate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa ada yoyote, tena aulize mapema, kwa sababu barua ya ulinganifu haitoki kwa siku mbili.

Maombi ya kujiunga hufanyika vipi?

Tanzania, mwombaji huomba moja kwa moja katika vyuo anavyovitaka, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, husimamia awamu za udahili. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja huthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Kenya, mwanafunzi aliyepata C+ au zaidi katika KCSE hupangiwa chuo na taasisi ya KUCCPS kulingana na machaguo yake na alama zake. Mgeni hayumo katika mgao huo, hivyo huomba chuoni mwenyewe na kuingia kama mwanafunzi wa kujilipia.

Nikienda Nairobi nitapata bumu, yaani posho ya mkopo wa serikali?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo familia nyingi hulichelewesha hadi mwisho wakati lilipaswa kuwa la kwanza. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ulioanza kutolewa na bodi hiyo mwaka 2005, humfuata Mtanzania aliyedahiliwa katika chuo cha ndani kinachotambuliwa. Walioko nje ni wale wachache wanaokwenda kwa makubaliano ya serikali na serikali. Anayevuka mpaka wa Namanga kwa hiari yake anavuka na fedha za nyumbani.

Ukubwa wa pengo hilo unaonekana kwa hesabu rahisi. Posho ya chakula na malazi Tanzania ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka mingi, na mwaka 2022 ikapandishwa kuwa 10,000. Hutolewa kwa mafungu ya siku 60, ndiyo maana vizazi kadhaa vya wanafunzi walilijua bumu kwa jina la «laki tano na kumi», na sasa ni laki sita. Siku bumu linapotoka utaijua hata kama hukuambiwa: foleni kwenye mawakala wa fedha hufika barabarani, mwenye duka hufungua daftari la madeni kabla hujasalimia, na chipsi kuku huisha mapema. Wiki ya saba nayo utaijua, kwa sababu kila mtu amerudi kwenye wali maharage na hakuna anayezungumzia safari ya ufukweni. Kujifunza kugawa laki sita kwa siku sitini ni somo ambalo halimo katika orodha ya masomo, na wapo wanaolirudia miaka yote mitatu.

Mkenya ana bodi yake, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya 1995, ambayo mkopo wake hutoka kwa muhula na hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Tangu 2023 Kenya pia imekuwa na utaratibu mpya ambapo serikali hupima uwezo wa familia, kisha hugawa gharama kati ya ufadhili, mkopo na mchango wa mzazi. Utaratibu huo umelalamikiwa sana na kufikishwa mahakamani, kwa hiyo familia ya Kenya isipange bajeti kwa kufuata alicholipa kaka mtu miaka mitano iliyopita. Kwa upande wa kujifunza nje, HELB ina mlango mpana kidogo kuliko Tanzania, kwani hupokea maombi ya Wakenya walioko katika vyuo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kuhusu marejesho, Mtanzania aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6, ambayo ilifanya deni la wengi lisipungue hata kidogo, ilifutwa mwaka 2021.

Nitalala wapi?

Vitanda vya chuo havitoshi upande wowote. Mlimani kuna mabweni ya zamani ndani ya chuo, kuna hosteli ya Mabibo iliyo kilomita chache kutoka hapo, na kuna majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017, ambayo wanafunzi huyaita Hosteli za Magufuli, yenye nafasi 3,840. Hata hivyo wengi hubaki bila kitanda, na hapo ndipo huanza ule utaratibu usioandikwa wa kubebana: mwenye nafasi humpokea asiye na nafasi, wakalala wawili katika kitanda kilichokusudiwa mmoja, na asubuhi mmoja akatoka kabla msimamizi hajapita. Chuo hukataza, wanafunzi hubebana, na ukweli ni kwamba bila ya undugu huo baadhi ya vijana wa mikoani wangeacha masomo muhula wa kwanza.

Tofauti kubwa iko nje ya geti. Ukipanga chumba Changanyikeni, Msewe au Sinza, mwenye nyumba wa Dar es Salaam atataka kodi ya miezi mitatu kwa uchache, mara nyingi sita, na wapo wanaosisitiza mwaka mzima. Ukipanga Ngara, Kahawa Wendani au Juja, utalipa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, kisha kila mwezi kwa simu. Mgeni huona Nairobi ni ghali kwa sababu kodi ya mwezi ni kubwa kweli, lakini huingia kwa fedha kidogo; Dar es Salaam ina kodi nafuu ambayo humtaka mtu awe na mtaji siku ya kwanza. Mzazi anayepata kipato chake kwa msimu, mkulima wa kahawa au wa korosho kwa mfano, anaweza kumudu mtindo wa Dar es Salaam vizuri zaidi. Mwenye mshahara wa mwezi atapumua zaidi na ule wa Nairobi.

Katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam wapangaji wengi hushiriki mita moja ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na ugomvi wa nani ana pasi, nani ana jiko la umeme na nani huacha feni ikizunguka ni ugomvi wa kweli. Muulize mwenye nyumba suala la mita kabla ya kumpa hata shilingi. Nairobi vyumba vingi vya wanafunzi vina mita yake, ila uliza kuhusu maji: siku ngapi kwa wiki yanatoka, na tangi liko la ujazo gani.

Chakula kikoje?

Mlimani sahani huja kamili: wali, maharage, mboga za majani na pengine kipande cha tikiti, na bei ni ya sahani. Katika mesi za Nairobi unalipia kila kitu peke yake, ugali kando, sukuma wiki kando, mchuzi kando, kisha unapita na risiti yako kwenye dirisha la kupakuliwa. Mwenye njaa na shilingi chache hupata uhuru fulani humo, kwa sababu anaweza kununua ugali mara mbili na mboga mara moja. Chapo madondo ya kibandani, yaani chapati na maharage, hushibisha kwa bei ambayo Dar es Salaam utapata chipsi kavu. Samaki ndio Mtanzania atawakumbuka, na chai: Nairobi ukiomba chai utaletewa ya maziwa bila ya kuulizwa.

Usafiri wa kila siku ukoje?

Dar es Salaam nauli za daladala na mabasi ya mwendokasi hupangwa na mamlaka ya udhibiti, LATRA, na hazibadiliki kwa sababu ya mvua. Nairobi nauli ya matatu hupanda jioni, na mawingu yakianza kukusanyika kondakta hutaja bei mpya akiwa bado amening'inia mlangoni. Ulichokwenda nacho asubuhi hakitakurudisha. Mwanafunzi anayeishi Juja na kusoma katikati ya jiji aweke akiba ya siku za mvua katika bajeti yake ya mwezi, hasa Aprili na Novemba. Dar es Salaam gharama hiyo hulipwa kwa muda: foleni ya magari na kusimama, tena katika joto.

Je, Kiswahili kitanitosha?

Darasani, kokote utakakokwenda, lugha rasmi ya kufundishia ni Kiingereza isipokuwa katika masomo ya Kiswahili chenyewe. Nje ya darasa mambo hugeuka. Mlimani mhadhiri akimaliza kipindi chake, swali la mwanafunzi kwenye korido huulizwa kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Ofisi ya mikopo, ya usajili, ya mabweni, zote hufanya kazi kwa Kiswahili, na barua ya Kiingereza huandikwa tu kwa sababu jalada linaidai. Nairobi karani atakuanza kwa Kiingereza, rafiki zako watazungumza Sheng, na wengine wakikutana na mtu wa kwao watahamia Kikuyu, Kiluo au Kikamba bila nia mbaya yoyote. Mtanzania hukaa wiki za mwanzo akidhani amebaguliwa. Hajabaguliwa, wamesahau tu kwamba haelewi lugha hizo.

Mkenya naye hupata mshtuko wake Dar es Salaam, na mara nyingi ni wa adabu. Ukiingia ofisini na kusema moja kwa moja kilichokuleta, hata kwa Kiswahili kisicho na kosa, utaonekana mkali. Mtu mzima husalimiwa «shikamoo», husubiriwa aitikie «marahaba», anaulizwa habari za kazi, ndipo fomu inawekwa mezani. Nusu dakika hiyo imefungua milango mingi kuliko alama. Kinyume chake, Mtanzania anayezunguka na salamu mbele ya dirisha la malipo Nairobi ataona watu nyuma yake wakianza kuguna.

Ushauri mmoja kwa anayetoka shule ya kata ya Tanzania na kwenda Nairobi: Kiingereza cha kuandika huenda unacho, cha kuzungumza mbele ya watu huenda huna, na Nairobi hutoa alama kwa mawasilisho na kwa kusema kwenye semina. Jizoeshe kabla. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi wa Kitanzania hunufaika nalo zaidi akisoma Kenya, na huenda ndiyo sababu pekee ya kitaaluma inayostahili gharama ya ziada.

Mitihani na alama zinatofautiana vipi?

Mlimani kazi za muhula, yaani majaribio na kazi za vikundi, huchukua asilimia 40, na mtihani wa mwisho, ambao kila mtu huuita UE, asilimia 60. Nairobi mgawanyo uliozoeleka ni 30 kwa majaribio ya muhula, yaani CAT, na 70 kwa mtihani. Asiyekuwa na bahati na mitihani mikubwa aitafakari tofauti hiyo. Alama A huanza 70 pande zote mbili, na ufaulu ni 40. Ila Mlimani kuna B+ kwa 60 na B kwa 50, kisha yote hugeuzwa kuwa wastani wa GPA wenye kilele cha 5, ambapo daraja la kwanza huanza 4.4.

Aliyeanguka hurudia mtihani, yaani husapu, na hofu ya kudisko, kuondolewa chuoni kwa kukosa wastani, huwafanya wanafunzi wa Mlimani wasome kwa pamoja kuliko unavyoweza kutarajia. Ukitaka kuliona hilo, nenda kwenye vimbweta wiki mbili kabla ya UE. Ni meza na viti vya zege chini ya miti, na kila kimoja kimezungukwa na watu sita au saba: mmoja anachora kwenye daftari, mmoja anashika simu yenye picha za majibu ya miaka iliyopita, mmoja anabisha, na pembeni yupo ambaye hajaja tangu mwezi wa kwanza akinukuu kwa kasi. Huita diskasheni. Kwa jinsi madarasa ya mwaka wa kwanza yalivyo na mamia ya watu, kimbweta ndicho mahali ambapo somo hueleweka.

Nairobi kuna lalamiko moja ambalo mgeni lazima alijue, nalo ni alama kupotea: mwanafunzi amefanya mtihani, jina lake lipo kwenye orodha ya mahudhurio, lakini matokeo hayana alama yake, na anazunguka kati ya idara na ofisi ya mitihani akiitafuta, wakati mwingine hadi mwaka wa kuhitimu. Tiba yake ni kuhifadhi kila karatasi. Weka kadi ya mtihani, risiti ya ada na picha ya orodha uliyosaini, na ufuatilie mara matokeo yanapotoka bila kungoja muhula unaofuata.

Ni wapi ninaweza kutegemea kumaliza kwa wakati?

Kwa sasa, Dar es Salaam. Kalenda ya masomo ya Tanzania huanza Oktoba au Novemba na kwisha Julai au Agosti, na kwa miaka ya karibuni haijayumba sana. Kenya ina vyama vya wahadhiri vyenye nguvu na serikali inayochelewa kutimiza makubaliano ya mishahara, na matokeo yake ni migomo; ule wa 2025 ulianza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Novemba, wakati wanafunzi wapya ndio kwanza wamefika. Kwa Mkenya anayeishi kwao, wiki saba bila masomo ni usumbufu. Kwa mgeni aliyelipa kodi na ana hati ya kukaa yenye tarehe, ni fedha. Wahadhiri wana haki ya kudai chao, na hatusemi vinginevyo, lakini mzazi anayepanga bajeti ya miaka minne aweke nusu mwaka wa ziada.

Siasa za wanafunzi zikoje?

Sifa ya Nairobi kuwa na wanafunzi wakali na ya Dar es Salaam kuwa na watulivu ni ya miaka ya karibuni kuliko watu wanavyofikiri. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani takriban 400 kati yao. Nairobi, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka, na mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, Titus Adungosi, alifungwa miaka kumi na kufia gerezani mwaka 1988.

Leo mwanafunzi wa Mlimani ana serikali ya wanafunzi, DARUSO, yenye kampeni, mawaziri na bunge lake, ingawa hoja zake nyingi ni bumu, maji ya bwenini na wanaosumbuliwa na ada. Kenya ilibadili sheria mwaka 2016, na sasa wanafunzi huchagua wajumbe ambao ndio huwachagua viongozi. Makomredi, kama wanavyoitana, hawajaacha kuingia barabarani. Mgeni hana kinga katika mambo hayo, na kukamatwa kwenye maandamano ukiwa na hati ya mwanafunzi wa kigeni kuna uzito tofauti. Siku za vurugu kaa mbali na barabara zinazozunguka chuo.

Je, kuna masharti ya mavazi?

Vyuo vingi vya Tanzania vina kanuni za mavazi zilizobandikwa ukutani, na walinzi huzitekeleza: sketi fupi, suruali iliyochanika na nguo zinazobana huweza kukurudisha getini. Vyuo vya umma vya Nairobi ni vilegevu zaidi. Ila beba koti. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Julai yake humshangaza mtu wa pwani.

Nikiugua?

Tanzania, mwanafunzi asiye na bima hulipa shilingi 50,400 kwa mwaka na kupata kadi ya NHIF, na vyuo vingi havikamilishi usajili bila hiyo. Kenya, mamlaka mpya ya afya, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani Oktoba 2024. Chuo kina zahanati yake kwa mambo madogo, lakini mgeni afike na bima inayofanya kazi ndani ya Kenya.

Ninahitaji nyaraka gani kuvuka mpaka na kuishi?

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya haki ya kwenda kusoma katika nchi nyingine, lakini haimwondolei wajibu wa kuomba hati ya mwanafunzi kwa idara ya uhamiaji. Muhuri wa mgeni unaogongwa mpakani si hati hiyo. Barua ya udahili, pasi ya kusafiria yenye muda wa kutosha na picha ndogo ndizo za kuanzia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa Namanga mara kwa mara, na kuikosa kunaweza kukugharimu basi lako.

Watu wa Arusha huwa na faida ambayo wengi hawaioni hadi waifanyie hesabu: Nairobi iko kama kilomita 270 kutoka kwao, Dar es Salaam zaidi ya 600. Mtoto aliyeko «nje ya nchi» huwahi nyumbani kwa chakula cha mchana, na aliyeko nchini hufika usiku.

Mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi?

Mtanzania hukiita kipindi hicho fildi, na bodi ya mikopo huwa na fungu lake kwa wanufaika. Kenya hukiita atachmenti, na mwanafunzi hujitafutia nafasi na kujigharimia. Kampuni ni nyingi zaidi Nairobi, hasa za teknolojia na fedha. Mgeni hata hivyo hushindana na wenyeji ambao baba zao wanafahamiana na meneja. Anayetaka kufanya kazi Tanzania baadaye afanye fildi Tanzania wakati wa likizo ndefu, hata kama anasoma Kenya.

Nikianza upande mmoja, naweza kuhamia upande wa pili katikati?

Marais wa Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao yake Kampala limekuwa likiandaa viwango vya pamoja. Kwenye kaunta ya udahili, uamuzi bado ni wa chuo kinachokupokea. Idara itapitia maelezo ya kila somo ulilosoma, saa zake na alama zake, na itakubali baadhi na kukataa mengine. Kumbuka tu ile tofauti ya miaka: aliyemaliza mwaka wa pili Nairobi ametimiza nusu ya shahada, wakati wa Mlimani ametimiza theluthi mbili, hivyo usitarajie kuingizwa mwaka wa tatu kwa sababu tu umemaliza wa pili. Beba nakala za maelezo ya masomo zilizogongwa muhuri na idara unayoitoka, si karatasi ya matokeo peke yake, na uzichukue kabla ya kuaga, kwa maana kuzipata ukiwa umeshaondoka huchukua miezi.